Wifi Alivyoionea Huruma Miche Yangu

Niseme wazi tangu mwanzo: wifi yangu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Shida yake ni huruma, na huruma yake haiulizi.

Kile chumba cha nyuma nilimwomba mume wangu mwaka mzima. Alipokubali niliweka meza ndefu, nikaotesha pilipili hoho kwenye trei, nikaning'iniza taa mbili juu yake, kiganja kimoja tu kutoka kwenye majani. Mwenye kitalu cha barabarani, mzee asiyecheka na mtu, alikuwa ameniahidi: nikimletea miche sabini na miwili yenye shina nene, ananichukua niwe mwoteshaji wake. Kazi ya kudumu. Baada ya miaka kumi na minne ya kuitwa mama wa nyumbani, kana kwamba nyumba inajifagia yenyewe, niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota.

Basi wifi akaja kukaa wiki mbili, na mume wangu, bila kuniuliza, akampa chumba changu. "Sasa dada atalala wapi?" akasema. "Meza yako haitamsumbua." Nikameza. Nikamwonyesha wifi taa zinavyowashwa na kuzimwa. Nikamwambia miche isitolewe nje kabisa, maana haijawahi kuona jua. Nitaizoesha mwenyewe, kidogo kidogo. Akaitikia, "Sawa wifi yangu, nimekuelewa."

Jumanne nilienda kliniki kupima presha. Kurudi saa nane mchana, nakuta trei zote zimepangwa uani juu ya saruji, jua linawaka hasa. Majani yamebabuka, yamekuwa meupe kama karatasi, na miche imelala chali. Wifi amekaa zake kivulini anachambua mchele.

"Nimekutolea watoto wako," akasema. "Masikini, wamefungiwa kwenye taa kama wagonjwa. Nao wanataka jua la Mungu."

Nilibeba trei moja moja kurudi ndani. Iliyobaki imesimama ilikuwa kumi na mmoja.

Jioni mume wangu akajifanya hakimu. Dada yake alikuwa na nia njema, akasema, na mimi nimemnunia mgeni. Kuhusu mzee wa kitalu hakuuliza hata neno. Wifi, machozi yakimlengalenga, akaleta dawa yake: kesho twende sokoni, aninunulie mingine, nimpelekee mzee kana kwamba nimeiotesha mimi. Mume wangu akafurahi. "Umeona? Yamekwisha. Mche ni mche."

Hapo ndipo nilipopandwa na mori.

"Mche ni mche?" nikamwuliza. "Basi na mke ni mke. Kesho mkifika huko sokoni jichukulie mwingine, umpe na hicho chumba."

Hakuna aliyecheka. Wifi mwenyewe aliacha kulia.

Asubuhi nilimpelekea mzee ile kumi na mmoja, nikamweleza yote bila kupamba. Akachomoa mche mmoja, akaitazama mizizi yake kwa muda, akaurudisha kwenye udongo.

"Aliyeulea huu anajua kazi," akasema. "Otesha upya, nakupa wiki nane. Lakini chumba kinachoingiwa na kila mtu si kitalu."

Njiani nikanunua komeo na kufuli. Nilipofika nyumbani nikatoa godoro la wifi, nikalitandika sebuleni kwa mashuka safi, na mto wangu mwenyewe nikampa. Mume wangu akanikuta nimeshika bisibisi mlangoni. Akatazama sebuleni, akatazama komeo, akashusha sauti.

"Mgeni alale sebuleni? Dada akirudi kwake atawaambia watu nini?"

"Atawaambia mke wa kaka yake ana kazi," nikasema, nikakaza skrubu ya mwisho.