Vifaranga wa Cresensia Wahamia kwa Mwenyekiti

Jioni moja pale Lyamkena, Cresensia alikuwa amepiga magoti jikoni akitandaza maranda ya mbao ndani ya boksi la vifaranga. Juu ya boksi ilining'inia globu moja. Mwezi wa saba upepo wa Makambako hupenya hata pasipo na tundu, na kifaranga asiye na joto hafiki asubuhi. Hawa walikuwa wa kwanza tangu ugonjwa wa kideri umalize kuku wa banda lake lote. Wakifa na hawa, Cresensia anarudi kupalilia viazi vya watu.

Globu ikafifia. Kifaranga mmoja akasimama, akautazama waya, akapanda, akajibana kwenye holda na kuingia. Wenzake wakafuata kwa foleni, bila kusukumana. Boksi lilipobaki tupu, Cresensia alikaza khanga kiunoni akaenda kwa Mwenyekiti.

Mtaa ule una umeme wa kugawana. Kila nyumba ina sola yake juu ya bati, na mita janja inakusanya umeme wote, inaugawa kwa mahitaji. Mahitaji inayajua kwa mazoea: anayetumia sana ndiye mwenye shida sana. Silvanus, mwenyekiti wa kamati ya umeme, ana friza mbili, geti linalojifungua lenyewe na televisheni ambayo mgonjwa angeweza kulazwa juu yake. Kwa hesabu ya mita, Lyamkena nzima hakuna mwenye shida kama Silvanus. Cresensia, mwenye globu moja, anahesabiwa ameridhika.

Sebuleni kwa Silvanus vifaranga walikuwa wanatoka kwenye soketi, wanajikung'uta, wanaelekea kwenye hita. Majirani walishajaa, Jeni akiwa mbele yao, maana Jeni hupata habari kabla hazijatokea.

"Kamwene, Mwenyekiti," alisema Cresensia. "Nimefuata vifaranga wangu."

"Karibu, mama. Ni wako kwa alama gani?"

"Wametoka kwangu sasa hivi."

"Wametoka kwenye soketi yangu. Kinachotoka kwenye soketi yangu ni matumizi yangu."

"Na mimi nikitokea humo, Mwenyekiti, nitakuwa matumizi yako?" aliuliza Jeni.

"Wewe huenei, Jeni."

Watu walicheka, chai ikaongezwa. Cresensia alirudi nyumbani mikono mitupu.

Linus, mtaalamu wa mradi, alikuja kutoka Njombe na kompyuta, na koti ambalo hakulivua hata alipokuwa anakula. Alikula kwa Silvanus. Akaipima mita, akasema mfumo uko sawa, mzigo umehamia penye uhitaji.

"Na vifaranga?" aliuliza Cresensia.

"Hao wanahesabika kama joto."

"Joto linakula pumba?"

"Pumba haimo kwenye mfumo, mama. Ungekuwa na friza, mita ingekuheshimu."

Alipopata vifaranga wengine, Cresensia alijaribu jiko la mkaa. Moshi ukaua wanne kabla hajalitoa nje. Akarudi kwenye globu, na jioni ileile globu ikafifia, foleni ikaanza.

Uwanja wa Silvanus ukajaa kuku. Geti lilijifungua na kujifunga kutwa nzima kwa ajili yao. Kamati ikamtangaza mfugaji wa mfano, na wageni wakaja kutoka Makete kujifunza kwake. Aliwaambia siri ni nidhamu. Waliandika.

Kisha siku moja Silvanus alifika mwenyewe mlangoni kwa Cresensia. Hakukaa.

"Mama, wanaokuja siku hizi wanakohoa."

"Hawajachanjwa."

"Wachanje basi kabla hujawaleta. Unaniharibia banda."

"Mimi siwaleti, Mwenyekiti."

"Tusibishane kwa vitu vidogo. Na ukishawachanja uwafute vizuri. Wasije wakanilowesha soketi kwa dawa."

Chanjo Cresensia alikuwa nayo. Alikwisha kuona kideri kinavyoua, shingo imepinda, mabawa chini. Jioni alikaa kando ya boksi, akawashika mmojammoja na kuwadondoshea tone la dawa jichoni. Akawafuta kwa pindo la khanga. Kila aliyefutwa alipanda waya na kwenda zake. Dirishani Jeni aliuliza kama leo wanatoka wengi, apate kuwahi mahali pazuri pa kukaa kule kwa Mwenyekiti.

"Wote," alisema Cresensia.

Wa mwisho alifika kwenye holda akagoma. Aligeuka, akatazama boksi, akalia. Globu ilikuwa imebaki na uzi mwekundu tu, na baridi ilishaingia kwenye maranda.

Cresensia akamsukuma taratibu kwa kidole.