Nafasi ya Keziah, Jumapili ya Tatu

Kosa lilikuwa langu, na Stokeley nzima inalijua, kwa hiyo sioni haja ya kulifunika. Mdomo wangu ndio uliomtia Jabez Orchard matatani.

Jabez ni fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Mikono yake ya dhahabu, ulimi wake wa jiwe. Kwenye kilabu changu, Plau, amekaa kona ileile ya meko miaka kumi na miwili, na ukiyakusanya maneno yote aliyoyasema humo hayajazi kikombe. Lakini mwezi wa Mei alichonga kijiti cha mfupa cha kufumia lesi, chembamba kuliko kidole cha mtoto, akakitoboa vidoti, akavitia rangi nyekundu na buluu, vikasomeka: MOYO WANGU NI WAKO, JABEZ. Alfajiri akakiacha kwenye dirisha la Keziah Munday, kisha akatoka mbio kama mwizi wa kuku.

Keziah ana miaka thelathini na sita, na hakuna mkono unaofuma lesi kama wake hapa kwetu. Anaishi kwa kaka yake, pamoja na wifi na watoto sita, na nusu ya mkate wa nyumba ile unatoka kwenye vidole vyake. Sasa, kwetu kila mwanamke ana mto wake wa kufumia lesi mapajani, na hata mtoto anajua: mwanamume akikuchongea kijiti, unaweza kumrudishia, unaweza kukitupa kikashani ukakisahau. Lakini ukikifunga uzi ukakifumia, umekubali. Wiki nane kijiti cha Jabez kililala kikashani. Nilikuwa napita kila siku kuchungulia, ndiyo maana najua.

Mwezi wa Julai nikapita na kapu langu la mayai, nikatupa jicho dirishani. Mungu wangu! Katikati ya vijiti vyake, kile chenye vidoti kinaning'inia kwenye mto wa lesi kwa uzi wake! Mayai niliyatelekeza juu ya ukuta wa jirani, nikakimbilia karakana ya Jabez.

"Jabez! Kakifunga uzi!"

"Nani?"

"Malkia wa Uhispania! Keziah, we zumbukuku!"

Akaweka nyundo chini polepole, kama vile ingevunjika. "Una hakika, Bi Dorcas?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

Mimi nilidhani ataoga, atachuma maua, ataenda kwa mwanamke wa watu akaseme naye. Wapi! Alivua aproni, akaenda moja kwa moja kwa kasisi kuandikisha ndoa, itangazwe Jumapili tatu. Wala hakuona kosa. Kwake yeye, aliuliza kwa mfupa, akajibiwa kwa uzi. Kulikuwa na nini tena cha kusema?

Jumapili ikafika. Kasisi akasafisha koo. "Natangaza ndoa kati ya Jabez Orchard, mseja wa parokia hii, na Keziah Munday, mwanamwali wa parokia hii. Kama kuna yeyote ajuaye kizuizi, na aseme. Hii ni mara ya kwanza."

Na Keziah yuko pale pale, benchi la pili!

Kwetu bibi harusi hasikii tangazo lake mwenyewe. Jumapili zile tatu anabaki nyumbani na kujishughulisha jikoni, maana akilisikia, watoto wake watazaliwa viziwi. Kanisa zima likavuta pumzi kwa mpigo mmoja. Kitabu cha zaburi kikamponyoka Keziah mkononi. Akageuka, taratibu, akamtazama Jabez kule nyuma, na Jabez akaiva uso mwekundu kama bitiruti.

Siku hiyohiyo mchana nikaenda kwa Keziah. Alikuwa amejifungia kwenye kibanda cha kuni, mahali pekee pasipo na mtoto wa wifi yake.

"Kijiti kimoja kilipasuka," akaniambia kabla sijakaa. "Nilikuwa na kazi ya kumaliza Ijumaa, mnunuzi anangoja. Nikashika kilichokuwa karibu. Basi, Bi Dorcas. Hakuna zaidi."

"Kikashani una vijiti vingine tisa. Nimevihesabu."

Shingo yake ikaiva.

"Kumbe mtu unamtaka," nikasema. "Sasa shida nini, mwenzangu?"

"Hakuniuliza." Akavuta nyuzi za shali yake. "Mama alikuwa ananiamrisha, nikatii. Akafa, akaja kaka. Wifi ndiye anayeamua chai yangu inywewe bila sukari. Miaka thelathini na sita, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, 'Keziah, wewe unataka nini?' Na sasa hata mume nasomewa kanisani, kama tangazo la ng'ombe aliyepotea!"

"Basi nenda kwa kasisi ukapinge."

"Nikipinga, yule mtu hatainua kichwa tena hapa kijijini."

"Usipopinga?"

"Nitakuwa nimeolewa bila kuulizwa." Macho yake yakajaa maji. "Nina Jumapili mbili. Usimwambie mtu."

Nyie, mnanijua. Lakini safari hii sikumwambia mtu, nilimwambia Jabez peke yake. Alinisikiliza akiwa ameshika upande wa gurudumu, uso umemshuka.

"Nikasemee wapi?" akauliza. "Kwake watu tisa. Karakana iko njia panda. Mimi mbele za watu koo linafunga, Bi Dorcas. Unajua."

Jumapili ya pili Keziah akaja kanisani, tena na kofia ya utepe wa manjano, akakaa palepale benchi la pili. Kasisi akasoma. Alipofika kwenye kizuizi, alingoja zaidi kidogo ya kawaida. Keziah hakusimama, lakini hakuinamisha kichwa pia. Jioni ile Plau ilikuwa inachemka.

"Anamkomoa," akasema Obadiah muashi. "Jumapili ya tatu atasimama, mtaona."

"Atasimama na utepe ule wa manjano? Huo si utepe wa kukataa."

"Wewe utepe umeusoma wapi, mke wako anavaa gunia?"

Walicheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikamwona Jabez kwenye kona yake, bia yake haijaguswa, na kicheko kikanikwama. Nyumba yangu imejaa watu tangu marehemu mume wangu alipoifungua, na ninaipenda hivyo. Ila nilielewa kwamba Stokeley nzima haina chumba kimoja ambacho mtu mwenye haya anaweza kuuliza swali moja. Na masikio mengi zaidi yalikuwa kwangu.

Jumamosi saa tisa mchana nikapiga sufuria kwa mwiko. "Nje wote! Leo tunanywea darajani!"

"Kuna nini, Bi Dorcas? Moto?"

"Kuna pipa la bure, Obadiah, beba upande huo."

Walitoka wote. Nikaacha buli la chai mezani, vikombe viwili na bakuli la sukari, nikampitisha Keziah mlango wa nyuma, nikamsukuma Jabez mlango wa mbele. Kisha nikaenda kukaa mwanzo wa daraja na mti wangu wa kusukumia unga mapajani. Aliyejaribu kurudi "kuchukua kofia" alikiona. Na mimi mwenyewe, Mungu ni shahidi, miguu iliniwasha kama nimekanyaga upupu. Sikwenda.

Ilipita saa nzima. Jabez akatokea barabarani, kofia kaisahau, anatembea katikati ya njia.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mchana mwema, Bi Dorcas," akasema, akapita.

Nilikimbilia Plau. Keziah ameshaondoka. Mezani vikombe viwili vitupu. Kijiko kilikuwa ndani ya bakuli la sukari, kimelowa, na bakuli limesogezwa upande aliokaa Keziah.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka wasiosali walikuja. Jabez alikaa nyuma, viganja vimebana magoti. Tukasubiri mlango ufunguke. Kengele ikanyamaza. Zaburi ikaimbwa. Kasisi akafungua kitabu chake. "Hii ni mara ya tatu, na ya mwisho."

Shingo zote zikageukia benchi la pili. Kaka yake yupo, wifi yupo, watoto sita wamepangwa kama sahani. Na kati ya wifi na ukuta, nafasi tupu, ya mtu mmoja, jua la dirishani limekaa juu yake.

Hakuna aliyesema neno. Jabez aliitazama nafasi ile tangu somo la kwanza mpaka baraka, na kila nilipomwangalia alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

Tulipotoka nikapitia kwa Keziah. Alikuwa kizingitini na bakuli la njegere, anamenya.

"Nasikia leo kulikuwa na tangazo," akasema, hainui macho.

"Lilikuwepo."

"Kuna aliyepinga?"

"Hata kukohoa hakuna aliyekohoa."

"Vizuri."

Nikakaa karibu yake, nikachukua ganda moja. "Keziah, mwenzangu. Jana alisemaje?"

"Aliniuliza."

"Najua. Aliulizaje?"

Akatabasamu akizitazama njegere zake, akanisogezea bakuli. "Menya, Bi Dorcas."