Unyayo wa Majaribio

Tangu akatwe mguu chini ya goti, Tarishi alitembea vizuri ndotoni tu. Jina hilo lilimganda kutokana na kazi yake ya zamani ya kusambaza barua kwa miguu, na usingizini alikuwa bado akisambaza: milango ikifunguka yenyewe, vumbi laini, nyayo zote mbili zikiitikiana.

Karakana ya viungo bandia ilipomwita ajaribu nyayo mpya, mkewe alifuatana naye, akipunguza mwendo kama kawaida ili wawe bega kwa bega.

Fundi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimvua unyayo bandia wake wa zamani, akamfungia wa kwanza wa majaribio. Ulikuwa mgumu kama mwiko. Wa pili ulimrusha mbele kila alipokanyaga, hata mkewe akamwuliza kwa utani amtafute wapi iwapo atapaa. Kwenye wa tatu, fundi alikaza skrubu ya kifundo, akailegeza kidogo, akamwambia ajaribu changarawe na mteremko wa uani.

Tarishi akaenda. Kisigino kikagusa, unyayo ukaviringika polepole, vidole visivyokuwepo vikaisukuma ardhi. Mwanga wa asubuhi ulitanda uani kama maziwa. Changarawe zilinong'ona. Hakutazama chini. Akashuka mteremko, akapita lango, akaingia njiani, ambako hakuna aliyemtuma.

Ndipo aliposikia mtu akihema nyuma. Akageuka. Mkewe alikuwa mbali, ameshika kiuno, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Pole, mama watoto. Nimekuacha."

"Niache," mkewe akasema. "Tangu uumwe nimekuwa nikibana hatua zangu zisikuzidi. Nenda, baba. Mimi nitakuja taratibu."

Tarishi akaenda mpaka mwisho wa ukuta wa karakana, akarudi kumlaki.

Unyayo ule haukuwa wa kuondoka nao. Fundi alimwahidi kwamba wake ungetengenezwa majaribio yakiisha. Alipokuwa akimfungua, alimwuliza ameuonaje.

"Kisigino kinachelewa kidogo kwenye changarawe," Tarishi akasema. "Lakini kuna mahali niliusahau."

"Huko kusahau ndiko tunakokutafuta," fundi akajibu.

Walirudi nyumbani na ule wa zamani, mzito. Safari hii mkewe hakubana hatua. Alitangulia, akasimama penye kivuli, akamsubiri. Na Tarishi akamfuata bila haraka, akimtazama mgongoni kama mtu anayemwona upya.