Kisanduku cha Kuwakataa Wote

Pale kiwandani, kwenye uchapaji, walimwita Mama Vipimo, na si kwa kumsifu tu. Miaka ishirini na sita alikuwa amesimama nyuma ya mashine ya kukatia karatasi, na hakuna karatasi iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa imekwenda upande. Ila kwa shuku, mwanamke yule alikuwa hajambo. Ukimsalimia kwa tabasamu, anajiuliza unataka nini. Ukimkaribisha kiti, anakikagua miguu kwanza.

Mwaka huo alikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni. Kata yao ilikuwa na wagombea wawili walewale kila uchaguzi, mmoja akiahidi maji, mwingine akiahidi maji hayohayo. Mama Vipimo alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi mpaka soli za viatu zikaisha, na hatimaye sheria ikapita: chini ya majina ya wagombea kutakuwa na kisanduku cha tatu, "Nawakataa Wote." Kikipata kura nyingi, wote wawili wanarudi makwao na uchaguzi unaanza upya kwa sura mpya. Kazi ya kuchapa karatasi za kura hizo mpya ikaangukia kiwanda kilekile, mali ya shemeji yake, mume wa marehemu dada yake.

Shemeji ndiye aliyemtia wasiwasi. Wiki nzima alikuwa akipokelea simu nje, mkono umefunika mdomo. Mwanamume mwenye bahasha ya kaki alikuja mara mbili, na mara zote mbili mlango wa ofisi ulifungwa. Kisha Alhamisi asubuhi shemeji akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba wa dada. Mama Vipimo aliiacha ikapoa.

Karatasi ya kwanza ya majaribio ilipotoka mashineni, akaiwekea rula. Kura za kata hukatwa sentimita ishirini na moja. Hilo alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Kisanduku cha tatu kilianzia ishirini na moja na nusu. Yaani kisu kikishuka, wagombea wanabaki mezani na "Nawakataa Wote" inaanguka kwenye pipa la vipande. Damu ikamchemka. Wizi safi kabisa, na hakuna hata kura moja iliyoguswa.

Akamfuata shemeji ofisini, akamuuliza kwa upole wa kujilazimisha kama vipimo ni vilevile.

"Nimekubandikia ukutani, shemeji," alijibu bila kuinua kichwa. "Fuata vile."

Akaenda, akaitupia jicho ile karatasi ya ukutani, akaona kichwa kilekile cha miaka yote, akageuka zake. Miaka yote hiyo, leo afundishwe kazi? Mchana shemeji alipotoka, alimwendea mpangaji wa kurasa, mwanamume mtaratibu asiyependa maswali, akamwambia bosi ameagiza safu zibanwe, ya tatu ipande juu. Mpangaji akabana. Kufikia jioni kura elfu sita zilikuwa zimechapwa, zimekatwa na kufungwa kwenye maboksi, kila moja na visanduku vyake vitatu. Siku hiyo Mama Vipimo alikwenda nyumbani akiimba.

Ijumaa akaja msimamizi wa uchaguzi, mama wa makamo, na sampuli iliyoidhinishwa. Akaiweka mezani kando ya kura mpya. Sampuli ilikuwa ndefu zaidi kwa vidole viwili.

"Hii ni ishirini na nne," alisema. "Mbona zenu ni fupi?"

Mama Vipimo alitembea hadi ukutani. Mstari wa pili wa ile karatasi ulisema ishirini na nne.

"Wakubwa wangu walitaka kisanduku cha tatu kiwe kidogo, kama tanbihi," msimamizi aliendelea, akimwonyesha shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni. "Huyu bwana ametupigia kelele wiki nzima, mpaka nikamtuma karani wangu na bahasha ya vipimo vipya. Alisema shemeji yake amekitolea jasho hicho kisanduku, hawezi kukichapa kama kitu cha kuonea aibu."

Kura isiyolingana na sampuli ni batili. Karatasi yenye alama ya siri ilikuwa imetolewa kwa hesabu na imekwisha, na kura ni Jumapili. Zingetumika zile za zamani, zilizoidhinishwa na kuchapwa kabla ya sheria kupita, zisizo na kisanduku cha tatu. Msimamizi akauliza nani aliagiza safu zibanwe.

"Mimi," shemeji akasema haraka.

Hata hapo, kabla hajajizuia, Mama Vipimo alijiuliza huyu naye anatafuta nini. Kisha aibu ikamvaa, akajichukia.

"Si yeye. Ni mimi," alisema. "Nilidhani wamemnunua."

Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Mama Vipimo aliona heri angemfukuza.

Jumapili alipanga foleni na majirani aliowagongea milango. Mmoja wao alimuuliza kwa hamu kama kisanduku kitakuwa kikubwa vya kutosha. Bibi yake, ambaye haoni vizuri, amekuja kwa ajili hiyo tu. Mama Vipimo akasogea mbele na foleni. Ndani ya kibanda alikunjua karatasi, na wagombea wawili wakamtazama pichani wakitabasamu, hakuna kitu chini yao. Akaikunja tupu, akaitumbukiza. Jioni matokeo yalipobandikwa, mmoja wa wale wa maji alikuwa ameshinda, na kura ya Mama Vipimo ilikuwa imehesabiwa pamoja na zilizoharibika.