Mmarekani wa Mabatini

Kwa miaka mingi Luhaga Nkwabi alilipwa ili azomewe. Kwenye orodha ya kiwanda cha nguo alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, lakini kilichompa umaarufu Mwanza nzima ni kikundi cha maigizo cha wafanyakazi. Humo aliigiza kila alichopewa: mtemi, bibi kizee, mlevi, askari wa Mjerumani, na safari moja, mwenzake alipougua, miguu ya nyuma ya ng'ombe. Watu, hata hivyo, walimjua kwa jina moja tu, Mista Jonson, bepari wa Kimarekani mwenye tumbo la mto wa pamba, ambaye kila Mei Mosi aliingia jukwaani kuwanyonya wakulima na kutolewa kwa majembe. Akipita mitaa ya Mabatini, alikokaa, watoto walimzomea hata siku za kawaida. Mkewe Suzana alishazoea kuitwa mke wa beberu kwenye foleni ya sukari.

Luhaga hakuchukia. Kazi ile alijifunza sinemani, kwa Mmarekani wa kweli ambaye hakupata kulijua jina lake, maana filamu zilifika Mwanza zimechakaa na mwanzo wake, penye majina ya waigizaji, umekatika. Katika filamu moja mtu yule alikuwa padri, katika nyingine mwizi wa benki, katika nyingine mfalme kipofu. Wenzake Luhaga waliapa kwamba ni watu watatu. Yeye alimtambua kwa ndewe za masikio, na akarudi kumtazama kila alipopata pesa ya kiingilio. Baadaye alisoma katika kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi kwamba waigizaji wakubwa wa kule huanzia jukwaani, na hata wakishatajirika kwa filamu hurudi jukwaani. Kwa yule alijifunza kwamba mtu hageuki kwa nguo wala ndevu za bandia. Hugeuzwa na kile anachokitaka. Mista Jonson alitaka vitu vilivyokuwa nyuma ya watu, kwa hiyo hakuwatazama usoni. Alitazama juu ya vichwa vyao, kama mtu anayekadiria shamba.

Zikaja siku za ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara. Kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na wa kwanza kupunguzwa walikuwa wale waliosifika kwa kuimba na kuigiza. Neno beberu likaacha kusikika. Aliyekuwa beberu sasa aliitwa mwekezaji. Luhaga akapata kibarua katika shirika lililozunguka shule za kandokando ya ziwa likifundisha juu ya kichocho. Akapewa nafasi ya konokono. Aliifanya vizuri mno, mpaka walimu wakalalamika kwamba watoto wanaogopa kuoga hata bafuni.

Hapo ndipo Privatus Muganyizi alipomtafuta. Huyu alikuwa katibu wa siasa pale kiwandani, na ndiye aliyeitunga ile michezo yote ya Mista Jonson, kila neno. Sasa alivaa miwani ya jua na kuuza vipuri vya magari.

"Ndugu Luhaga, bado Kimarekani unakiweza?"

"Katibu, siku hizi mimi ni konokono."

Muganyizi akacheka, kisha akaeleza. Ng'ambo ya ghuba kuna kijiji kinaitwa Nyabusela, chenye ufuko mzuri wa kujenga kiwanda cha minofu ya sangara. Kijiji kimemkatalia.

"Mimi wananijua," alisema. "Wamenunua springi kwangu. Ufuko hapewi mtu anayejulikana. Nitakupeleka wewe, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watu waliochukuliwa utumwani. Tukishapata ardhi, mwekezaji wa kweli nitamtafuta. Hawaji bila kuona ardhi."

"Huo si wizi, Katibu?"

"Ni maigizo. Tofauti ni kwamba safari hii nitakulipa vizuri."

Suzana alimtafutia suti kwenye mitumba, ya kijivu, pana mabegani. "Ukikamatwa, Baba Precious, useme suti ni ya kwako," alimwambia.

Mkutano wa kijiji ulijaa. Mwenyekiti Shigela aliwatandikia wageni kitambaa mezani. Muganyizi alikuwa amemwandikia Luhaga maneno matamu juu ya ajira, zahanati na madawati. Luhaga aliposimama akaona nyuso zile, wazee wameketi mbele na kofia magotini, na maneno matamu akayaweka kando. Akaamua kuwaonya kwa njia aliyoijua. Akainua macho juu ya vichwa vyao, akaitoa ile hotuba ya Mista Jonson, kwa Kiswahili kile kile kilichovunjika:

"Mimi nakuja kuchukua samaki yenu! Samaki nakwenda Ulaya, ninyi nabaki na mifupa! Watoto yenu nafagia uwanja yangu!"

Maneno hayo kiwandani yalimletea mayai viza. Hapa hakuna aliyerusha kitu. Kisha kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, watafagia wangapi?"

Makofi yakalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Luhaga akatazama huku na huku akisubiri mtu mmoja tu azomee. Hakuna. Muganyizi, ambaye jasho lilikuwa limemtoka, alianza kutabasamu.

Luhaga akavua koti. Akaiacha ile sauti ya kigeni, akasema kwa Kisukuma safi, taratibu, kama mtu anayetubu: "Ndugu zangu, nisikilizeni. Mimi si mgeni. Mimi ni mtoto wa Magu. Nimezaliwa Magu, kwa mzee Nkwabi."

Mzee mmoja wa mbele, Ngosha, akasimama, machozi yakimtoka.

"Mnasikia?" aliwaambia wenzake. "Babu zake walifungwa minyororo, wakavushwa bahari, na bado hawakusahau lugha wala jina la ukoo!"

Hapo hapakuwa na mkutano tena. Watu walimbeba Luhaga juu juu. Wakampa kondoo dume na ufuko mzima. Kwenye kivuko, wakati wa kurudi, Muganyizi alimshika mkono kwa heshima kabisa. "Ile ya Magu," alisema, "nisingeweza kuitunga hata mimi."

Suzana alipomuuliza mambo yalikuwaje, Luhaga alimwambia amewaeleza ukweli wote, kisha akalala bila kula.

Mwekezaji wa kweli alipatikana mwaka uliofuata, Mholanzi aliyeitwa Bwana Pieter. Alikwenda Nyabusela amevaa kaptula na kandambili, akaongea kwa upole, akauliza kama anaruhusiwa kukaa. Wanakijiji wakamwonea mashaka. Mwekezaji gani anaomba ruhusa? Shigela akamwambia Muganyizi waziwazi: ufuko walimpa Mmarekani wao, na huyu mwenye kaptula hawamjui.

Ikabidi Luhaga avae suti tena. Muganyizi alilipanga jambo kwa ustadi wake wa zamani. Wanakijiji aliwaambia bosi anakuja kumtambulisha karani wake wa kizungu. Naye Bwana Pieter aliambiwa kwamba mzee mkubwa wa ukoo wenye ardhi atakuja kuikabidhi, na kwamba, bahati nzuri, mzee anajua Kiingereza.

Luhaga akasimama kati yao ufukoni. Vigingi vilikuwa vimeshachomekwa pande zote, na wanawake waliokuwa wakitoka ziwani na ndoo walilazimika kuinua miguu kuvuka kamba. Mmoja ndoo ilimponyoka, akarudi kuteka upya. Luhaga alimtazama. Kisha akaanza kwa Kiingereza, kama ilivyopangwa, akimkaribisha Bwana Pieter. Halafu akaongeza yasiyopangwa.

"Kuna sharti moja. Katikati ya kiwanja patabaki njia ya kwenda majini, upana wa ng'ombe wawili kupishana. Haifungwi kwa geti, haiwekewi mbwa. Bila njia hiyo, ukoo wangu haukabidhi kitu."

Bwana Pieter akashangaa. Akamgeukia Muganyizi. "Mbona hukuniambia?"

Muganyizi akafungua kinywa. Angesema nini? Kwamba mzee wa ukoo ni konokono wa kichocho? Akamsogelea Luhaga na kunong'ona kwa hasira, "Hayo hayamo!" Luhaga akampigapiga begani, kama Mista Jonson alivyokuwa akimpigapiga mnyapara wake jukwaani, akatazama ziwa juu ya kichwa chake.

Bwana Pieter akavua kofia. Akasema sharti ni la haki, akachora njia kwenye ramani yake na kutia sahihi. Wanakijiji hawakuelewa neno hata moja, ila walimwona Mzungu akivua kofia mbele ya Mmarekani wao na kuandika alichoamriwa. Walishangilia mpaka ng'ombe wakakurupuka.

Muganyizi hakumtafuta tena. Kiwanda kikajengwa, minofu ikaenda Ulaya, mifupa ikabaki, na vijana kumi na wanne wakapata kazi ya kufagia. Njia ikabaki wazi.

Siku moja Luhaga alimsindikiza Suzana Nyabusela kununua dagaa, maana mkewe alikuwa ameanza biashara hiyo pale Mabatini. Luhaga alivaa shati lake la kawaida na malapa. Walishuka ziwani kwa njia ile, watu wakawapita bila kugeuka. Mama mmoja aliyeanika dagaa kandokando, Kija, alipokuwa akimpimia Suzana akaanza kuwasimulia habari za njia.

"Hii tuliachiwa na Mmarekani. Bila yeye tungezunguka hadi kule kwenye mawe yale."

"Alikuwaje, huyo Mmarekani?" aliuliza Suzana, sura kavu kabisa.

"Mrefu! Mweupe kidogo. Mabega haya." Kija akapanua mikono, kisha akamtupia Luhaga jicho. "Siyo wa kufanana na mzee wako, dada yangu. Yule alikuwa mtu wa maana."

Suzana akageuka upande kuficha kicheko. Luhaga akainama kuokota gunia. Moyoni alisikia uchungu kidogo, akaliweka gunia begani na kutangulia kupanda.