Habari za Maji ni Nzuri

Taifa letu changa lilihitaji wataalamu, na ukoo wetu, kwa moyo wa kujitolea, ulimtoa Zefania. Mtoto huyu wa shangazi yangu Luciana alipelekwa ng'ambo kusomea uandishi wa habari chuo kikuu. Mimi nilidhani habari mtu anazisikia tu akifunga mdomo. Kumbe zina shahada.

Mwaka ule wa ukame alirudi Iguguno likizo, kamera shingoni na tai iliyowashangaza mbuzi. Chuo kilimtaka aandike habari ya kijiji cha ujamaa, itoke gazetini, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Kijiji nacho kilimhitaji. Pampu yetu ya mkono ilikuwa imekufa tangu mavuno, na akina mama walikuwa wanachimba mchanga wa korongo, nyuma ya mlima, wapate ndoo ya maji yenye rangi ya chai. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Antipasi, alishakwenda wilayani kulalamika mpaka mbwa wa huko wakaacha kumbwekea. Lakini wakubwa wa wilaya husoma gazeti. Shangazi akasema, "Mungu ametuletea mwandishi, tena wa tumboni mwangu."

Mimi nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, na inasemekana nikikosa kazi huwa natia watu hasara, basi nikapewa kazi ya kumtembeza. Tukaanza kwa Mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za maendeleo?"

"Nzuri."

"Habari za maji?"

"Nzuri," alisema Mzee Antipasi, akavuta kiti karibu ili aendelee.

Zefania akaandika "nzuri", akafunga kalamu, akaaga. Mzee alibaki mdomo wazi, na pampu nzima imo ndani yake.

Kila mtoto wa kwetu anajua jambo hili. Ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama paa linaungua. Ndiyo heshima. Kisha mwenzako anatulia, unameza mate, unasema "ila". Mambo yote ya dunia yanakaa nyuma ya hiyo "ila". Humwagii mgeni shida zako kabla hajakaa vizuri.

"Kaka Zefania," nilimwambia njiani, "ungemsubiri kidogo."

"Bwana mdogo, profesa wetu anasema jibu la kwanza linatoka moyoni. La pili limeshapikwa."

"Profesa wenu ni Mnyiramba kama sisi?"

"Usiwe mjinga."

Nikatii. Ujinga ni adui wa taifa, nami ni mzalendo.

Kila nyumba ikawa hivyo hivyo: nzuri, kalamu, kwaheri. Penye pampu aliniamuru nimpige picha ameshika mpini, anatabasamu. Mpini ulipanda na kushuka mkavu, ukilia kama punda. Mtaalamu akasema sauti haitatokea kwenye picha.

Jioni alimhoji mama yake mzazi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatua ndoo kichwani, shingo imezama mabegani.

"Habari za maji, mama?"

"Nzuri, baba."

Akaandika. Shangazi alipofungua mdomo tena, mwanawe alishaingia kulala.

Kesho yake niliikuta habari yenyewe mezani. Ilisema wananchi wa Iguguno hawana shida ya maji, wamethibitisha wenyewe. Ilikuwa iondoke na basi la mchana. Shangazi alikuwa korongoni. Zefania alikuwa bafuni, ndani ya ua wa mabua, amejipaka sabuni kuanzia utosini, na kopo lake limekwisha. Ndoo pekee iliyobaki ilikuwa katikati ya magoti yangu.

"Isaka! Habari za maji huko?"

"Nzuri!"

Akasubiri. Nami nikasubiri.

"Isaka! Si nimekuuliza habari za maji?"

"Nzuri sana, kaka! Andika!"

"Sabuni imeniingia machoni, mpumbavu wewe!"

"Pole. Lakini hilo ni jibu la kwanza, limetoka moyoni."

Kisha sauti ikashuka vyeo. "Isaka, mdogo wangu. Nzuri, ila nini?"

Hapo ndipo chuo kikuu kilipofika Iguguno.

"Ila hayapo," nikasema. "Pampu imekufa tangu mavuno. Mama yako anayachimba korongoni, anayabeba kichwani, wewe unaogea."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliwaaga."

Nikampitishia karatasi na kalamu juu ya mabua. Aliandika upya huku machozi yanamtoka, ingawa nashuku ni sabuni. Nikaisoma, nikamrudishia aongeze korongo, akaongeza. Ndipo nikakimbia nayo barabarani. Basi lilikuwa linaunguruma, na kondakta akaipokea.

Niliporudi sabuni ilikuwa imemkaukia, mweupe kama ukuta wa misheni. Hakuuliza kama basi nimeliwahi. Hakuuliza kama mama yake amerudi.

"Jina langu," alisema, "linasomeka?"

Nikampa nusu ndoo. Nusu nyingine ilikuwa ya shangazi.

Habari ilitoka gazetini, jina la Zefania kwa herufi nene kuliko pampu, na maelezo kwamba mwandishi aligundua tatizo hilo kwa uchunguzi wake wa kitaalamu. Fundi alikuja hata hivyo.