Yah: Kukupenda

Bwana Jalada alipostaafu hakuiaga ofisi, aliihamishia nyumbani. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa karani wa masjala, mtu wa kupokea barua, kuigonga muhuri, kuitia kwenye jalada na kumgombeza aliyesahau tarehe. Siku ya kumuaga walimpa ule muhuri wa zamani awe nao. Sasa alikuwa anatengeneza kadi za pongezi na mapenzi kwa mkono, na meza ya chakula ikawa yake yote: gundi, mkasi, utepe, makaratasi ya kaki. Mwezi wa tatu huo mkewe anakula sahani ikiwa mapajani.

"Baba watoto, nimevumilia vya kutosha," mkewe akasema. "Jumamosi kwenye maonyesho, kadi moja tu inunuliwe na mtu asiye ndugu yetu. Ikishindikana, meza yangu inarudi, na wewe unahamia kwenye benchi na wenzako."

Benchi! Pale mbele ya duka la kona wastaafu walishinda kutwa wakibishana nani kapita na nani. Bwana Jalada aliliogopa benchi lile kuliko kaburi. Kaburini angalau hakuna ubishi.

Mshauri alikuwa naye, maana serikali ya mtaa ilimpa kila mstaafu anayeanza biashara mtu wa kumshika mkono. Na dunia duara, jamani. Aliyepangiwa ni mama mwenye duka la kuchapa kadi za harusi, ambaye enzi hizo alikuwa mpiga taipu kwenye ofisi ileile. Barua yake ya kuomba likizo Bwana Jalada aliirudisha mara tatu, eti tarehe imekaa kushoto. Msimu wa likizo ukapita, barua ikiwa bado mezani.

Sasa zamu ilikuwa ya huyo mama. Akafungua kadi ya kwanza, akasoma: "Unajulishwa kwamba umetimiza miaka mitano. Hongera."

"Mzee, huyu mtoto anapongezwa au anafukuzwa kazi?"

"Si ujumbe umefika?"

"Umefika na askari. Rudia."

Bwana Jalada akarudia mara tatu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Akajaribu na maneno ya watu, asali wa moyo, ua la bustani, lakini mkono uligoma kabisa. Mshauri akahesabu vidole vitatu, akacheka peke yake, kisha huruma ikamshika.

"Acha kuigiza, mzee. Mwandikie mtu mmoja unayemjua, jambo moja la kweli. Lugha unayoiweza, itumie hiyohiyo."

Jumamosi hadi saa tisa alasiri watu walizishika kadi zake, wakazisifia, wakaenda kununua sabuni meza ya jirani. Ndipo akaja bwana mmoja wa miwani, mwenye haraka zake, akaokota kadi iliyokuwa pembeni peke yake.

*YAH: KUKUPENDA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Nakiri kwamba taarifa hii ilipaswa kukufikia miaka thelathini na minane iliyopita. Ucheleweshaji umetokana na uzembe wa mwandishi, si uhaba wa sababu.*

*3. Malalamiko yako kuhusu kukoroma yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.*

*4. Unaombwa kubaki katika kituo chako cha sasa, yaani karibu nami, hadi utakapoarifiwa vinginevyo. Hutaarifiwa vinginevyo.*

*Nakala: Dada yako mkubwa, aliyesema sitadumu.*

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Hii naichukua."

"Hiyo haiuzwi."

"Nakulipa mara mbili."

"Ina mwenyewe, bwana."

Mshauri, aliyekaa naye na kuyajua masharti ya mkewe, akamfinya chini ya meza. "Mzee, meza!" akanong'ona.

"Najua."

"Benchi, mzee!"

"Najua, binti yangu, najua." Mkono wake ulikuwa juu ya kadi na haukutoka. Mteja akaondoka akitikisa kichwa.

Mkewe alifika watu wakikunja vitambaa. "Umeuza ngapi?"

"Hakuna."

"Hajasema yote!" mshauri akaruka. "Mama, mteja alikuwepo, wa bei mara mbili. Mumeo kamkatalia!"

"Kakataa? Wewe, una akili kweli? Kadi gani hiyo?"

Bwana Jalada akampa, akainama kufunga boksi la gundi ambalo lilikwisha kufungwa. Mkewe alisoma amesimama. Alipofika kwenye kukoroma aliguna. Alipofika kwenye kituo cha sasa akatafuta kiti, akakaa. Machozi yalimtoka waziwazi wala hakuyaficha. Kisha akanyoosha mkono aletewe kalamu nyekundu. Miaka yote hiyo na karani, dokezo alijua linavyoandikwa. Akaandika pembeni:

*Nimesoma. Aya ya 2 naafiki. Aya ya 3 sijaona kazi yoyote. Aya ya 4 imekubaliwa. Meza aendelee nayo, tutakula jikoni.*

Akatia sahihi, akamrudishia.

Mshauri alichungulia juu ya bega la mzee, akakohoa. "Haina tarehe hiyo."

"Naona," alisema Bwana Jalada. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga: IMEPOKELEWA.